Ruhusa ya Wiki Tatu

Saa nne ya asubuhi, Kheiria akishaogeshwa, akavishwa na kukalishwa kwenye kiti chake cha dirishani, Namirembe hufuta mikono, akaja mezani kumsomea Mzee Thani, mume wa Kheiria. Ndiyo ilikuwa kawaida ya nyumba ile ya Darsait, huko Oman, tangu macho ya Thani yaingie ukungu. Daktari alishasema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa, lakini zamu yake ilikuwa bado mbali na kazi haikuweza kungoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya tafsiri. Thani, Mwomani aliyekua akisema Kiswahili, alikuwa mfasiri wizarani miaka thelathini, na alipostaafu alidhani amemalizana na karatasi. Kisha mchapishaji mmoja mdogo wa Dar es Salaam akamtafuta, akamwomba amtilie kwa Kiswahili kitabu cha maisha ya Mmarekani wa zama zile Wamarekani walipomwasi mfalme wa Kiingereza. Bwana huyo akiitwa Ambrose Kellaway. Alirithi mashamba ya mpunga kando ya mto, huko Carolina, akiwa na miaka ishirini na mbili. Akaingia baraza la jimbo, akapinga kodi za mfalme, akatia saini karatasi ambazo zingemfikisha kwenye kitanzi lau upande wake ungeshindwa vita. Askari wa mfalme walimchomea nyumba, na hakurudi nyuma. Thani alimpenda kwa hilo. Alimfasiri kwa raha, kama mtu anayemsifu jirani yake.

Kitabu chenyewe alisomewa na simu, naye akachapa kwa herufi kubwa, lakini akirudi kuyasoma aliyoyachapa, mistari ilipandana. Kwa hiyo Namirembe alisoma na yeye akasikiliza. Namirembe alikuwa Mganda wa Masaka, wa miaka thelathini na moja, na Kiswahili alikipata Nairobi alikouza vitambaa kabla ya kuja Oman kufanya kazi za nyumbani. Walibishana kila siku.

"Hapa umeandika 'akenda', Baba. Sisi tunasema 'akaenda'."

"Nyinyi semeni. Mie ndiye n'nayeandika."

Asubuhi ile, Jumatano, walikuwa wamefika kwenye kumbukumbu alizoandika Kellaway mwenyewe. Namirembe alisoma taratibu.

"'Tarehe kumi na mbili. Leo nimetoa hotuba yangu barazani. Nimesema mtu asiyeweza kwenda na kurudi kwa hiari yake hana haki ya kujiita mtu huru. Wenzangu wamenipa mkono. Jioni Sabina ameniomba karatasi ya ruhusa avuke mto akamtazame mamake, ambaye ni mgonjwa. Mke wangu hawezi kukaa bila yeye. Nimemwambia asubiri mavuno yaishe.'"

Akasita hapo.

"Hii karatasi ya ruhusa ni ya nini?"

"Mtumwa hakuweza kutoka shambani bila karatasi ya bwana wake," Thani akamweleza. "Akikutwa njiani hana, anakamatwa."

"Kama jawazi. Kama pasipoti."

"Si kama jawazi," akasema Thani.

"Na huyu Sabina, alienda?"

"Kitabu hakisemi. Ukurasa unaofuata wanaanza vita."

Namirembe akazikusanya karatasi, akazigonga mezani zikalingana pembe. Hakugeuza nyingine.

"Baba, nilikuwa nangoja siku nzuri ya kusema, lakini siku haiji. Mama yangu ni mgonjwa. Ni ini. Kaka yangu Kaweesi ananipigia kila siku, anasema kama nataka kumwona niende sasa. Naomba wiki tatu. Nitarudi."

Thani akamtazama, na kwa ule ukungu wa macho yake hakuiona sura yake vizuri. Aliiona mikono tu, juu ya karatasi.

"Tangu lini anaumwa?"

"Mwezi wa pili huu."

"Na wewe ukinisomea tu."

"Ndiyo, Baba."

"Nitasema na Ghadeer," akasema Thani.

Ghadeer ndiye binti yao. Yeye ndiye aliyemleta Namirembe, jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba, na jawazi ya Namirembe alikuwa nayo yeye tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mchana ule, Namirembe akiwa chini kutupa taka, Thani akamwambia mkewe. Kheiria alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto ukalala. Akili ilibaki nzima na ulimi ukamrudia, ila mguu na mkono vilikataa. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akageuza uso dirishani.

"Maskini," akasema. "Na mie je?"

"Wiki tatu, Kheiria."

"Wamerudi wangapi waliosema wiki tatu? Wa dada yako alirudi? Yule wa Bi Aziza pale chini alirudi?" Hakupandisha sauti. "Simkatalii mtu mamake. Nakuuliza tu. Asubuhi nikitaka kwenda chooni, nani atanipeleka? Wewe?"

Miaka miwili Thani alikuwa akitoka chumbani kila Namirembe alipoingia na beseni. Alidhani ile ndiyo heshima.

"Sisi hatukumnunua mtu," Kheiria akasema baadaye kidogo, ingawa Thani hakuwa amesema neno hilo. "Tunamlipa kila mwezi, anakula tunachokula."

"Hatukumnunua," Thani akakubali.

*

Ijumaa Ghadeer alikuja chakula cha mchana, kama kawaida yake, baada ya sala. Alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya serikali Al Khuwair, mwanamke wa miaka arubaini na tatu, mwepesi wa mambo. Dawa za mama yake alizipanga yeye, bili za umeme alilipa yeye, na kiyoyozi kikiharibika fundi kutoka Wadi Kabir alipigiwa na yeye. Thani alimpenda na alimwogopa kidogo, na alikuwa hajawahi kujikiria la pili.

Namirembe alileta wali na samaki. Thani alipoanza kueleza, Ghadeer akageukia Kiarabu.

"Baba, hii ndiyo hadithi yao wote. Mama anaumwa, baba amekufa, mtoto kaungua. Mkataba wake umebakia miezi minane. Akishatoka hapa harudi, na mimi nianze upya na wakala, nilete mwengine asiyejua hata kumgeuza Mama kitandani."

Namirembe alikuwa akimkatia Kheiria samaki, akitoa miiba. Hakuacha.

"Madam," akasema kwa Kiswahili, "Kiarabu nasikia sasa. Si chote, lakini hicho nimesikia."

Kheiria akatazama sahani yake.

"Basi vizuri, umesikia," Ghadeer akasema, kwa Kiswahili sasa, na uso umemwiva kidogo. "Mimi sikutukani. Nataka kujua tu. Una barua ya hospitali?"

"Barua sina. Nina video."

Akaifuta mikono kwa aproni, akatoa simu, akaiweka mezani kati ya bakuli la achari na jagi la maji. Wote wanne wakaitazama, hata Thani, ambaye aliona weupe wa shuka tu na kitu cheusi kikisogea juu yake. Sauti aliisikia. Mwanamke mzee alikuwa akisema Kiganda, maneno machache, akipumzika katikati.

"Anasema nini?" akauliza Kheiria.

"Anauliza kama nimekula."

Ghadeer akaigeuza simu kifudifudi, polepole, kana kwamba aliyelala mle atasikia.

"Nakuhurumia, wallahi," akasema. "Nitatuma pesa ya hospitali, kutoka kwangu, usinilipe. Na baada ya miezi mitatu, nikipata mtu wa kushika nafasi yako, utakwenda. Tumeelewana?"

Namirembe alimtazama Thani. Alingoja muda wa kutosha kwa mtu kusema neno moja. Thani akanyoosha mkono, akachukua limau.

"Ndiyo, Madam," Namirembe akasema, na akaendelea kutoa miiba.

*

Siku zilizofuata aliendelea kusoma, ila alisoma kama mtu anayesoma nambari. Hakuuliza tena nani alikwenda wapi. Thani alipoandika "akenda" ilipita hivyo hivyo bila ubishi, na jambo hilo lilimchoma kuliko vile ambavyo angelalamikiwa.

Kellaway aliishi umri mrefu. Vita vilipokwisha alijenga nyumba nyengine kubwa kuliko ile iliyochomwa, akawa kaimu gavana kwa mwaka mmoja, na sura nzima ya kitabu ilihusu mazishi yake na watu wakubwa waliohudhuria. Mwisho mwandishi akaweka orodha ya mali iliyogawiwa warithi. Thani alikuwa amekusudia kuiruka. Kisha akaona hapana, mfasiri haruki. Akaitafsiri yote, farasi na vijiko vya fedha na watu, na Jumanne Namirembe akaisoma.

"'Kato, seremala, miaka arubaini, pauni tisini. Juba, wa shambani, pauni sitini. Sabina, wa ndani, mzee, hana thamani.'"

Akageuza ukurasa. "Inaendelea na ng'ombe," akasema.

"Tusimame hapo," akasema Thani.

"Kwani imekosewa?"

"Haikukosewa. Simama kidogo."

Alikaa na viganja vyake juu ya meza. Alikuwa akimfikiria yule bibi wa mto wa mbali aliyeishi mpaka uzeeni ndani ya nyumba ile ile, na kumbe alikuwa akimfikiria pia mwanamke wa Masaka anayeuliza kama mwanawe amekula. Lakini zaidi alilifikiria lile limau. Ghadeer alikuwa na sababu zake, akazisema mbele ya watu. Yeye alichukua limau.

"Namirembe," akasema, "nifundishe kumnyanyua Mama."

"Baba, wewe una miaka sabini na moja."

"Na yeye ana kilo hamsini na nne. Nifundishe."

Kutoka dirishani Kheiria akasema, "Sitaki."

Wakageuka wote wawili.

"Miaka arubaini na sita huyu mtu hajaniona mwili wangu mchana," akasema. "Sasa nimekuwa hivi ndiyo anione?"

Thani akaenda akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake. Namirembe alitaka kutoka, Kheiria akamzuia kwa jicho.

"Mie sioni vizuri, Kheiria," Thani akasema. "Unajua."

Kheiria akacheka. Kicheko kilimtoka upande mmoja, kama vilivyokuwa vinamtoka vyote tangu mwaka juzi, na machozi yakamtoka pande zote mbili. "Haya," akasema. "Njoni muniue."

Namirembe akamweka Thani mbele ya kiti, kitanda kikiwa nyuma yake. "Usimvute mikono, utamtoa bega. Goti lako hapa, kati ya magoti yake. Mkumbatie chini, hapa kiunoni. Mama, mkono wako mzima shingoni kwa Baba. Sasa Baba, usimbebe. Rudi nyuma tu, kama unataka kukaa. Uzito wako ndio utamtoa."

Mara ya kwanza wakaanguka kitandani wote wawili, Thani chini. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu Kheiria alisimama kifuani pake, akihema, na Thani akasikia harufu ya sabuni nywelani mwake. Walisimama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa mgeuze," akasema Namirembe. "Miguu kidogo kidogo. Usiogope."

Walifanya hivyo siku mbili, asubuhi na alasiri. Siku ya tatu, Alhamisi, Thani alivaa dishdasha iliyopigwa pasi, akafunga kilemba, akateremka barabarani kusimamisha teksi.

*

Katika ofisi ya Ghadeer msichana wa mapokezi, kibao cha kifuani kikimtaja Shahad, alimwuliza kama ana miadi.

"Mie babake."

"Karibu, ami. Lakini jina lako lazima liingie, na mudira, mkuu wetu, yuko mkutanoni. Kaa pale, tafadhali."

Alikaa pale dakika arubaini, kati ya watu waliokuja na faili. Hakuwahi kufika ofisini kwa mwanawe. Alitambua kwamba kila siku watu walikaa hapa wakimngoja Ghadeer aseme ndiyo au hapana, na kwamba ilikuwa kazi nzito, kusema vile kutwa.

Ghadeer alishuka mbio. "Mama kafanya nini?"

"Mama yako mzima. Nimekuja kwa ajili ya jawazi."

Akamshika mkono babake, akampeleka nje mpaka kwenye gari lake, akawasha kiyoyozi, akafunga milango. Huko ndiko alikosema.

"Unajua kinachoniudhi, Baba? Wewe utakuwa mtu mwema kwa jasho langu. Mimi ndiye niliyekwenda kwa wakala. Mimi ndiye kafili, mdhamini wake. Akiondoka, mimi ndiye nitakayelala sakafuni kwenu na asubuhi nije kazini. Wewe ukishakuwa mwema utarudi mezani kwako na vitabu vyako."

"Ni kweli," akasema Thani.

Ghadeer alikuwa amejitayarisha kwa jibu jengine. Akashika usukani ingawa gari halikuwa likienda.

"Ijumaa ulinyamaza," akasema. "Ungesema neno moja tu siku ile. Ulinyamaza, nikabaki mimi peke yangu mbaya mezani."

"Hilo pia ni kweli. Ndiyo nimekuja kusema leo. Jawazi ni yake, Ghadeer. Wewe unafanya kazi serikalini, unajua kuliko mie kwamba sheria hairuhusu hata kukaa nayo. Mpe. Akienda akirudi, alhamdulillahi. Asiporudi, sitakwambia ulete mwengine."

"Na Mama?"

"Mie ninamnyanyua."

"Wewe?"

"Tangu Jumanne. Mara mbili tuliangushana, lakini kitandani."

Ghadeer akamtazama. Akaanza kucheka, kisha mkono ukamwenda mdomoni, akageuka upande wa kioo. Nje mlinzi alikuwa akimwagilia mti mdogo kwa chupa ya maji ya kunywa. Baada ya muda Ghadeer akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya kaki.

"Ninatembea nayo tangu Ijumaa," akasema. "Kila siku nasema leo nitapita Darsait, kisha napita njia nyengine."

Akampa. Halafu akamrudisha mwenyewe mpaka nyumbani, na ndani ya gari, wakiwa kwenye foleni ya Ruwi, akanunua kwa simu yake tiketi ya kwenda na kurudi.

*

Namirembe aliondoka Jumamosi. Aliacha karatasi tatu zilizobandikwa jikoni kwa mwandiko wake: dawa na saa zake, namna ya kupika uji usishike, na wapi Mama anaumia akilaliwa upande. Alimbusu Kheiria kichwani. Kwa Ghadeer, aliyekuja kumpeleka uwanja wa ndege, alisema, "Ahsante, Madam," na Ghadeer akamwambia, "Nenda, utachelewa," akambebea begi mwenyewe.

Wiki tatu zile Thani alijua nyumba yake upya. Alijua kwamba kumwogesha mtu ni saa nzima na kwamba mgongo wa mzee hausamehe. Kuna siku alichelewa, Kheiria akajichafua, wakawa hawasemezani mpaka alasiri, kila mmoja kwa aibu yake. Ghadeer alilala kwao siku za Jumatatu. Tafsiri ilisimama. Mchapishaji alipiga simu akauliza, na Thani akamwambia asubiri. Mapema siku ya kumi na mbili Kaweesi akatuma ujumbe: mama amefariki, Namirembe alikuwa naye.

Siku ya kurudi kwake, ndege ikitarajiwa alasiri, simu ililia saa nne ya asubuhi.

"Baba," akasema Namirembe. Nyuma yake palikuwa na kelele za jogoo. "Ni mimi. Niko nyumbani."

Thani akakaa kitako. "Nyumbani wapi?"

"Kwetu. Tiketi ninayo hapa. Niliamka nikavaa. Gari la kwenda Entebbe likaja, Baba, nikashindwa kupanda. Jana nilienda sokoni. Nilipofika kule nikakumbuka kwamba sikumwomba mtu ruhusa. Nikakaa tu pale kwenye gunia la maharage. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa."

"Niliahidi. Nilikuambia nitarudi, na wakati ule ilikuwa kweli."

"Najua ilikuwa kweli."

"Madam alisema sitarudi."

"Alisema," akakubali Thani. "Usijali hilo."

Kheiria alikuwa akimtazama kutoka kitini. Uso wa mumewe ulikuwa umeshamwambia. Akanyoosha mkono wake mzima. "Nipe."

Thani akampa simu, na Kheiria akaishika mwenyewe sikioni.

"Namirembe. Mie hapa. Mama yako alikujua ulipofika?"

Thani hakusikia jibu. Aliona tu kichwa cha mkewe kimeinama kwenye simu, kwa muda mrefu.

"Alikuita jina," Kheiria akasema. "Basi. Basi, mwanangu. Hayo mengine yana dawa." Akasikiliza tena. "Usilie. Mie hapa nnaogeshwa na kipofu, na sijafa bado."

Walipomaliza hakumrudishia Thani simu. Akamwambia, "Nipigie Ghadeer. Hili nitamwambia mie, si wewe."

Thani akabonyeza jina la binti yao, akaenda kusimama ukumbini asisikie. Aliisikia sauti tu ya Kheiria, chini na ya taratibu, kama anayemweleza mtoto. Haikuchukua muda. Aliporudi, simu ilikuwa pajani na mkewe alikuwa akitazama nje.

"Kasemaje?"

"Kanyamaza," akasema Kheiria. "Kanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha kaniuliza kama nimekula."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia bado."

Kweli, saa ya uji ilikuwa imeshapita. Thani akaenda jikoni, akawasha jiko, akateka maji. Karatasi ya uji ilikuwa pale ukutani na yeye hakuweza kuisoma, kwa hiyo akakisia.